Kijikopo kinachotuliza umeme ndani ya mashine yako ya presha

IWAPO wewe ni mkazi wa Moi's Bridge, huhitaji kuelezwa jinsi stima inavyoweza kucheza. Mawingu yanajikusanya kutoka upande wa Mlima Elgon, taa inafifia mara mbili, redio inakohoa, kisha giza. Baada ya saa moja au mbili stima inarudi kwa kishindo, balbu inawaka kwa mwanga mkali kupita kiasi, na kila aliyekuwa ameacha kifaa chake kwenye soketi anakimbia kuona kama kingali kizima.

Hali hii inajulikana pia na wakazi wa Eldoret, Kitale, Kakamega na hata Nairobi. Usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima, na wengi walisalia gizani kwa saa nyingi. Wengi wetu hulalamika kwa sababu ya televisheni na friji. Lakini katika ukurasa huu wa afya tungependa kukuuliza swali jingine, msomaji: Je, kati ya vifaa vilivyo kwenye soketi zako, ni vingapi ambavyo afya ya mtu inavitegemea?

Siku hizi nyumba nyingi za mijini zina mashine ndogo ya kupimia shinikizo la damu, ile ambayo wengi huiita mashine ya presha. Nyumba nyingine zina nebulaiza ya mtoto anayeugua pumu, au mashine ya kutenga oksijeni ya mzee ambaye mapafu yake yamechoka. Nenda katika kituo cha afya, utakuta friji ya chanjo ambayo ni lazima ibaki kati ya digrii 2 na 8 za sentigredi, taa ya buluu ya watoto wachanga wenye ugonjwa wa manjano, na kile kidude kinachobanwa kidoleni ili kupima kiwango cha oksijeni katika damu.

Vifaa hivi vyote, vikubwa kwa vidogo, vina kitu kimoja ndani yake ambacho wagonjwa hawakioni na wauguzi hawakitaji. Ni kijikopo kidogo, pengine kisichozidi punje ya hindi, kiitwacho kapasita. Kijikopo hicho kikiwa kizima, mashine hufanya kazi bila kelele. Kikichoka, mashine huzimika, hujiwasha yenyewe, au hutoa majibu ambayo daktari hawezi kuyaamini.

MSHIPA WA DAMU NA MSHIPA WA STIMA

Ili kuelewa kazi ya kapasita, hebu kwanza tutazame mwili wako mwenyewe.

Moyo hausukumi damu mfululizo kama maji ya mferejini. Hupiga, hupumzika, kisha hupiga tena. Lakini damu iendayo kwenye ubongo na figo haikomi katikati ya pigo moja na jingine. Kwa nini? Kwa sababu aota, ule mshipa mkubwa utokao moyoni, una kuta zinazonyumbuka. Moyo unapopiga, mshipa huo hutanuka na kuweka akiba ya damu. Moyo unapopumzika, mshipa hujikaza polepole na kuisukuma ile akiba mbele. Kwa njia hiyo mapigo makali hugeuzwa kuwa mtiririko uliotulia.

Kapasita hufanya kazi iyo hiyo kwa stima. Umeme unaoletwa nyumbani kwako una kiasi cha volti 240, nao haukai mahali pamoja. Hupanda na kushuka na kubadilisha mwelekeo, ukikamilisha mzunguko wake mara 50 katika kila sekunde. Mashine ya presha haiwezi kutumia umeme wa namna hiyo. Inataka umeme mdogo wa volti chache, unaokwenda upande mmoja, uliotulia kama maji ya kisimani.

Kwa hiyo ndani ya adapta au chaja umeme huo kwanza hulazimishwa kwenda upande mmoja. Lakini bado huja kwa mapigo, mapigo 100 kila sekunde. Hapo ndipo kapasita huingia. Pigo likija, hujaza akiba yake. Pigo likipungua, hutoa akiba hiyo. Chaja za kisasa huenda mbali zaidi. Hukatakata umeme huo mara makumi ya maelfu kwa sekunde, nyingine hata mara laki kadhaa, ili chaja yenyewe iweze kuwa ndogo ya kutosha mfukoni. Kutokana na kukatwakatwa huko, kapasita iliyoko kwenye mlango wa kutokea hutakiwa kujaa na kumwaga kwa kasi ya ajabu, mchana na usiku, bila kuchoka.

Madaktari hutuambia kwamba mtu anavyozeeka, aota yake hukakamaa. Hainyumbuki tena vyema, na ile namba ya juu ya presha hupanda. Naam, kapasita nayo huzeeka. Na ikizeeka, umeme unaotoka nje huanza kurukaruka.

KWA NINI ILE YA ZAMANI HUCHOKA

Kapasita iliyozoeleka kwa miaka mingi, ambayo bado utaikuta katika vifaa vingi, hutengenezwa kwa karatasi mbili nyembamba za alumini zilizoviringishwa pamoja kama mkeka. Katikati yake huwekwa karatasi ya kawaida iliyoloweshwa kimiminika maalum. Juu ya alumini kuna utando mwembamba mno wa oksidi ambao huzuia umeme usivuke. Kile kimiminika ndicho kinachoufikisha umeme hadi kwenye utando huo.

Shida iko kwenye kimiminika. Kwanza, hakipitishi umeme vizuri sana. Kina ukinzani, na penye ukinzani pana joto. Pili, hukauka. Mwaka baada ya mwaka mvuke wake hupenya polepole kwenye kizibo cha mpira, mpaka siku moja kijikopo kinabaki kikavu. Joto likizidi hukauka upesi zaidi.

Mafundi wana kanuni ya kukadiria umri wa kapasita hizi: kila joto likipungua kwa digrii 10, umri huongezeka mara mbili. Kapasita ya bei ya chini huandikwa kwamba inaweza kudumu saa 2,000 katika joto la digrii 105. Ikifanya kazi katika joto la digrii 65, kanuni hiyo inatupa saa 32,000. Ukigawanya, ni kama miaka mitatu na nusu hivi kwa mashine ambayo haizimwi. Basi usishangae mashine ya zahanati inayofanya kazi usiku na mchana, katika chumba chenye joto na vumbi, inapoanza kusumbua mwaka wa nne.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 dunia ilipata somo chungu kuhusu jambo hili. Kapasita nyingi zilizokuwa na kimiminika kisichofaa ziliingia sokoni, na kompyuta katika nchi nyingi zikaanza kuharibika kabla ya wakati wake. Vijikopo vilifura vichwa na vingine vikapasuka na kumwaga uji wa rangi ya kahawia. Tangu hapo watengenezaji wengi walianza kutafuta kwa bidii kapasita isiyo na kimiminika ndani yake.

PLASTIKI INAYOPITISHA UMEME

Jibu lilitoka mahali ambapo wengi hawakutarajia, yaani katika plastiki.

Sote tumefunzwa kwamba plastiki haipitishi umeme. Ndiyo maana nyaya za nyumbani huvishwa plastiki, na ndiyo maana mpini wa bisibisi ya fundi ni wa plastiki. Lakini mwaka 1977 wanasayansi watatu, Hideki Shirakawa wa Japani pamoja na Alan Heeger na Alan MacDiarmid waliokuwa wakifanya kazi Marekani, walionyesha kwamba plastiki ya aina fulani ikitiwa mvuke wa iodini hupitisha umeme mara milioni 10 zaidi ya awali. Iodini hiyo ni ile ile unayoijua kutokana na dawa ya vidonda na chumvi ya mezani. Mwaka 2000 wote watatu walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Plastiki ya namna hiyo huitwa polima inayopitisha umeme. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, maabara ya kampuni ya Bayer nchini Ujerumani ilitengeneza polima moja ambayo haiharibiki upesi, ijulikanayo kwa kifupi kama PEDOT. Leo hii ndiyo inayotumika sana katika kapasita za aina mpya. Mahali pa kile kimiminika, huwekwa polima hii ngumu. Hakuna cha kuvuja wala cha kukauka.

Tofauti yake inaweza kuonyeshwa kwa hesabu ndogo. Tuseme umeme unaorukaruka ndani ya chaja ni ampea 2. Kapasita ya kimiminika yenye ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya ohmu itaacha mruko wa volti 0.2, na itazalisha joto la wati 0.4 ndani yake yenyewe. Kapasita ya polima yenye ukinzani wa sehemu moja ya mia ya ohmu itaacha mruko wa volti 0.02 tu, na joto la wati 0.04. Ni tofauti ya mara kumi. Kwa sababu hiyo kapasita moja ndogo ya polima inaweza kufanya kazi ambayo zamani ilihitaji tatu au nne, na kifaa chote kikawa chepesi cha kutoshea kiganjani.

Kuhusu umri, watengenezaji hukadiria kwamba kapasita ya polima huongeza maisha mara kumi kila joto likipungua kwa digrii 20. Ile saa 2,000 katika digrii 105 hugeuka kuwa saa 200,000 katika digrii 65. Hiyo ni zaidi ya miaka 22. Bila shaka haya ni makadirio, wala hayamaanishi kwamba mashine nzima itadumu muda huo.

Hata hivyo, polima si dawa ya kila ugonjwa. Kapasita hizi huogopa unyevu, na huogopa zaidi volti zinazozidi kiwango chake. Zikizidiwa, zinaweza kuungana ndani na kuharibika papo hapo. Aidha nyingi hutengenezwa kwa volti za chini, kwa hiyo upande wa chaja unaopokea stima ya ukutani bado hutumia kapasita ya kimiminika. Ndiyo sababu radi inayopiga karibu na nyaya, au stima inayorudi kwa kishindo, huweza kuua mashine mpya ya bei ghali.

KUTOKA KWA KIPIMO HADI KWA DAWA

Labda sasa unauliza: Mruko wa volti sehemu moja ya tano una madhara gani kwa mgonjwa?

Fikiria kidude cha kupimia oksijeni kidoleni. Hupitisha mwanga mwekundu, na mwingine usioonekana kwa macho, katika nyama ya kidole, kisha husoma mabadiliko madogo sana ya mwanga kila damu inapopiga. Mashine ya presha nayo husikiliza mitetemo midogo ya hewa ndani ya kitambaa kilichofungwa mkononi. Mashine ya kupimia mapigo ya moyo hospitalini, inayochora mistari kwenye karatasi, husoma umeme wa moyo ambao ni kama sehemu moja ya elfu ya volti. Katika kazi kama hizi, umeme usiotulia ni sawa na mtu anayepiga kelele wakati daktari anasikiliza kifua cha mtoto.

Mashine nzuri hutambua kelele hizo na kukataa kutoa jibu. Huonyesha alama ya kosa. Lakini mashine dhaifu, au mashine nzuri iliyounganishwa na adapta isiyo yake, inaweza kukupa namba tofauti kila ukipima. Chukua mfano wa mama mwenye presha ambaye asubuhi anasoma 128 kwa 82, na dakika tano baadaye anasoma 165 kwa 100. Hofu inamshika, naye anaongeza kidonge bila kumwuliza daktari. Kesho yake anapata kizunguzungu na kuanguka bafuni. Ugonjwa wake haukuwa umezidi. Kilichomwangusha ni namba ambayo haikustahili kuaminiwa.

Kwa hivyo kabla ya kulaumu moyo wako, hakikisha umepima ipasavyo. Kaa kitako na upumzike dakika tano, miguu ikiwa sakafuni na mgongo umeegemea. Mkono uwe sawa na kimo cha moyo. Pima mara mbili ukiacha dakika moja au mbili katikati. Namba zikitofautiana sana, toa adapta na utumie betri mpya. Betri haina mapigo ya stima ya ukutani. Zikiendelea kutofautiana, peleka mashine kwenye kituo cha afya ilinganishwe na ya huko. Na usibadilishe kipimo cha dawa kwa sababu ya namba moja.

Katika vituo vya afya hatari ni kubwa zaidi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani, Benki ya Dunia na mashirika mengine mawili yalitoa ripoti iliyosema kwamba karibu watu bilioni moja katika nchi maskini na zile za mapato ya chini ya wastani hutibiwa katika vituo visivyo na umeme au vyenye umeme usiotegemeka. Kusini mwa Sahara, ni kama nusu tu ya hospitali zilizo na umeme wa kutegemewa. Kwa mtoto mchanga anayepumua kwa mashine ya kutenga oksijeni, dakika chache za kuzimika si jambo la kuvumilia. Hii ndiyo sababu wataalamu hushauri mashine hizo ziunganishwe kupitia kifaa cha kusawazisha volti, na kuwe na mtungi wa oksijeni wa akiba karibu.

MWASHO WA SISIMIZI

Sasa turudi nyumbani. Je, umewahi kugusa ukingo wa chuma wa simu au kompyuta ya mkononi iliyo kwenye chaji ukahisi mwasho kama wa sisimizi?

Huo pia ni kazi ya kapasita, ingawa ni ya aina nyingine. Ndani ya chaja kuna kapasita ndogo inayounganisha upande wa volti 240 na upande wa simu ili kupunguza kelele za umeme. Hupitisha umeme kidogo sana, usioweza kumdhuru mtu mzima. Katika chaja halali, kapasita hii ni ya aina maalum iliyoundwa ili ikiharibika ikatike, isiunganike.

Katika chaja bandia, ile inayouzwa kandokando ya barabara kwa bei ya kutupa, mara nyingi huwekwa kapasita ya kawaida kwa sababu ni rahisi. Hiyo ikiungana siku moja, volti 240 hupita moja kwa moja hadi kwenye waya wa simu. Mtu aliyelala na simu kifuani, au anayeongea huku mikono imelowa, anaweza kupigwa na stima na kufa. Shirika la Viwango nchini, KEBS, na Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia zimekuwa zikionya mara kwa mara kuhusu bidhaa za umeme zisizofikia viwango. Tazama alama ya ubora, uzito wa chaja na maandishi yake. Chaja nyepesi kama kiberiti kitupu, yenye maandishi yaliyopotoka, usiinunue hata ukipewa kwa nusu bei.

USIFUNGUE KWA SABABU UMECHOMOA

Watu wengi hudhani kwamba kifaa kikishachomolewa ukutani hakina stima tena. Hili ni kosa linaloua.

Kumbuka kwamba kazi ya kapasita ni kuweka akiba. Stima ya volti 240 ikishalazimishwa kwenda upande mmoja hufikia kilele cha kama volti 340. Kapasita ya televisheni yenye maikrofaradi 100 hubaki na juli zinazokaribia 6 kwa volti hizo. Inatosha kukurusha nyuma, kukuchoma kidole na, kwa bahati mbaya, kuvuruga mapigo ya moyo. Jiko la mikrowevu ni baya zaidi. Kapasita yake hushika maelfu ya volti, na imewahi kuua mafundi katika nchi nyingi.

Ajabu ni kwamba nguvu iyo hiyo ndiyo inayookoa maisha hospitalini. Mashine ya kushtua moyo unaotetemeka ovyo hujaza kapasita yake, kisha huimwaga kifuani kwa mgonjwa kwa kipimo cha juli kati ya 120 na 360. Tofauti ni kwamba pale kuna daktari, kuna kipimo na kuna sababu. Jikoni kwako hakuna.

Mtu akipigwa na stima, usimshike kwa mikono. Zima swichi kuu kwanza. Ikishindikana, msukume kwa mti mkavu huku umesimama juu ya kitu kikavu. Akiwa hapumui, anza kumkandamiza kifua katikati kwa nguvu na kwa kasi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, wakati mwenzako anatafuta gari. Hata akiamka na kusema yuko sawa, mpeleke hospitalini. Moyo unaweza kuyumba saa kadhaa baadaye.

KWA FUNDI NA MTEJA WAKE

Mjini Moi's Bridge, kama katika mji wowote wa barabarani, hapakosi fundi wa redio na simu mwenye meza ndogo na chuma cha kuchomelea. Kazi yake ni muhimu, maana bila yeye vifaa vingi vingetupwa. Lakini kuna kosa moja ambalo mafundi wengi hulifanya kwa nia njema.

Kapasita ya polima ikiharibika, fundi husoma namba zake, tuseme maikrofaradi 470 na volti 16, kisha huchomoa kapasita ya kimiminika yenye namba hizo hizo kutoka kwa redio mbovu na kuiweka. Mashine huwaka. Mteja hulipa na kushukuru. Wiki chache baadaye mashine hufa tena, kwa sababu namba zilifanana lakini ukinzani haukufanana. Kapasita mpya ilikuwa ikijipika yenyewe kwa joto.

Kuzitofautisha si vigumu. Ile ya kimiminika kwa kawaida huvishwa gamba la plastiki lenye mstari ubavuni, na kichwani huwa imekatwa alama kama msalaba ili ipasuke hapo ikizidiwa. Kopo la polima mara nyingi huwa tupu, la rangi ya fedha, kichwa laini kisicho na msalaba, na sehemu ya kichwa imepakwa rangi. Nyingine ni vijisanduku bapa vyeusi au vya manjano. Mwambie fundi wako: penye polima pawekwe polima. Na kama kifaa ni cha matibabu, muulize pia kama amewahi kutengeneza cha aina hiyo. Kichwa cha kapasita kikiwa kimefura, au kukiwa na harufu kali kama ya samaki aliyechacha, zima, fungua madirisha, na usiguse ule uji kwa mikono mitupu.

MADINI YALIYOTOKA WAPI?

Haifai kuzungumzia afya ya mtumiaji na kuisahau afya ya mchimbaji. Kapasita nyingi za polima zilizo ndogo kabisa hutengenezwa kwa unga wa madini ya tantali, yanayotoka katika mawe yaitwayo koltani. Sehemu kubwa ya koltani ya dunia huchimbwa mashariki ya Kongo na Rwanda. Migodi ya Rubaya katika wilaya ya Masisi, Kivu Kaskazini, inajulikana sana. Mwaka 2024 eneo hilo liliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Wachimbaji huko huingia mashimoni kwa sururu na mikono, na maporomoko ya udongo yamewafukia wengi.

Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria inayozilazimisha kampuni kueleza kama madini yao yanatoka katika maeneo hayo ya vita. Wewe na mimi hatuwezi kukagua kila simu. Lakini tunaweza kuvitunza vifaa tulivyo navyo vidumu, na kuvipeleka vilivyokufa kwa wanaovikusanya ipasavyo badala ya kuvichoma nyuma ya nyumba. Moshi wake ni sumu kwa mapafu ya watoto.

Kwa habari hiyo, jihadhari pia na kapasita kubwa za zamani za viwandani na mafuta ya transfoma kuukuu. Baadhi yake yalitiwa kemikali ziitwazo PCB, ambazo mwaka 2013 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walithibitisha kuwa husababisha saratani. Kumekuwa na ripoti nchini za mafuta ya transfoma kuibwa na kuuzwa kwa wakaangaji wa vyakula. Mafuta ya kukaangia yasiyokuwa na chapa wala asili inayojulikana, yaache.

UFANYE NINI?

Mambo machache yatakusaidia. Stima ikipotea, chomoa vifaa vyote vya afya. Ikirudi, subiri dakika tano hadi kumi itulie kabla ya kuvichomeka tena. Radi ikianza kunguruma, usingoje ipige. Tumia adapta iliyokuja na mashine, na ikipotea nunua yenye volti na ampea zilizoandikwa kwenye mashine yenyewe. Usifunike chaja kwa nguo au mto, maana joto ndilo adui wa kwanza wa kapasita. Weka betri za akiba za mashine ya presha. Na kama nyumbani kuna mgonjwa anayetegemea oksijeni ya mashine, pangeni mapema na hospitali yenu mtafanya nini giza likiingia, nani ataitwa, na mtungi wa akiba uko wapi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kijikopo cha shilingi chache kikibadilishwa kwa wakati, mashine huendelea kusema kweli. Leo jioni, kabla ya mvua, tazama soketi zako moja baada ya nyingine, na uanze na ile iliyo karibu na kitanda cha mgonjwa.